Hatua Kumi na Nne za Koridoni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Paa la baraza linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, nimeweka ndoo. Daftari hili nilipewa siku niliyostaafu katika ofisi ya mitihani, ambako nilishika funguo miaka ishirini na tatu. Sikujua niandike nini humo. Sasa nimerudi kumuuguza Baba, na humu ndani hakuna wa kuzungumza naye, basi nitazungumza na karatasi.

Tuko watatu. Baba, ambaye kiharusi kimemlaza upande wa kushoto tangu Januari. Mimi, kifungua mimba wake. Na mke wa Baba, aliyeolewa miaka saba iliyopita, miaka mitano baada ya mama yetu kufariki. Namwita Mama Mdogo kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa adabu. Yeye ananiita "mwanangu," naye kanizidi miaka mitatu tu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Geti linalia kama mbuzi anayevutwa. Hakuna anayekumbuka kutia grisi bawaba.

Ijumaa, 7 Machi

Kila Ijumaa saa nne asubuhi mdogo wangu hupiga simu kutoka kule ughaibuni aliko, wakati wa mapumziko yake kiwandani. Hapa bondeni mtandao wa simu haufiki, hata ukipanda juu ya tangi la maji, kwa hiyo tunategemea waifai, na waifai inatoka kwenye ruta moja iliyoko sebuleni. Ukivuka mlango wa sebule inaanza kukoroma. Ukifika koridoni imekata roho.

Leo nilipomaliza kuongea naye nikampelekea Baba salamu zake kama kawaida. Kwa kawaida Baba hujibu, "Nami mwambie namsalimia," kisha hugeukia ukuta. Ni miaka tisa sasa hawajaongea. Mdogo wangu aliondoka alfajiri bila kuaga, akaacha barua chini ya bilauri, na sisi tukampata kwenye simu akiwa ameshafika. Baba aliisoma ile barua akiwa amesimama, akaikunja, akaenda kuchanganya saruji. Tangu hapo ukimpa simu anasema yeye haongei na kioo.

Leo hakugeukia ukuta. Aliniangalia kwa lile jicho lake zima, akavuta maneno moja moja kama anayetoa ndoo kisimani.

"Hiyo simu... haiwezi kufika huku?"

Nimekaa jikoni nusu saa nzima nikilia na kitunguu hakijakatwa.

Jumapili, 9 Machi

Baba hakubali kuhamia sebuleni. Chumba cha nyuma ndicho cha kwanza alichojenga kwa mikono yake, na anasema atatoka humo akiwa amebebwa. Basi simu ndiyo imfuate.

Nimeihamisha ruta juu ya kabati, juu ya friji, juu ya kiti juu ya meza. Mke wa Baba akaja na mfuniko wa sufuria kubwa, akausimamisha nyuma ya ruta, eti dada yake alimwambia unasukuma mawimbi mbele. Nilimwambia mawimbi si moshi. Akauacha hapohapo. Jioni nikaona sebuleni inashika vizuri zaidi, na yeye ametulia kwenye kochi akitazama tamthilia zake. Nikauondoa mfuniko.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja fundi wa mitandao. Watu wanamwita Ngazi kwa sababu haonekani popote bila ngazi yake begani, hata msibani. Alipita kila chumba akiwa ameshika simu mbele yake, akisoma namba zinavyoshuka. Kisha akagonga ukuta wa chumba cha Baba kwa kiungo cha kidole.

"Mzee, hapa ulijenga nyumba au benki?"

Baba akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Sijamwona akitabasamu tangu Januari. Akaeleza polepole: matofali mawili mawili, na ndani ya plasta waya wa matundu, ili ufa usipate pa kuanzia. Watu walikuja kutoka mitaa mingine kuutazama ukuta huo.

"Ndio huo huo waya unaotumaliza," Ngazi akasema. "Mawimbi yakigonga chuma yanarudi yalikotoka. Hata ulete ruta zote za mjini, hayatapita."

Dawa yake ni hii: vituo vitatu vidogo, vyeupe, vya kubandika darini, kila kimoja na waya wake kutoka kwenye ruta. Kimoja sebuleni, kimoja jikoni kwa ajili ya jiko na korido, kimoja humo humo chumbani kwa Baba. Vinafanana na visahani vya chai vilivyogeuzwa chini juu. Ila waya wa chumbani lazima upite ukutani, na kupita ukutani ni kutoboa.

"Ukuta wangu hautobolewi," akasema Baba. Hilo alilitamka bila kukwama hata herufi moja.

Ngazi akaniangalia. Nami nikamwambia arudi wiki ijayo.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua mchana kutwa. Ndoo mbili sasa.

Jumanne, 18 Machi

Siku tatu nimembembeleza Baba kama mtoto anayekataa dawa. Leo asubuhi, Ngazi akiwa amesimama mlangoni na drili yake, nilikuwa nimeshakata tamaa. Mke wa Baba akaingia na uji, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kana kwamba anauliza chumvi iko wapi:

"Si umwonyeshe pale."

Baba akamkazia macho. Yeye akaendelea kuukoroga uji.

"Pale wapi?" nikauliza.

Baba akainua mkono wake mzima, akaelekeza kona, juu ya kabati la nguo, kimo cha mtu aliyesimama juu ya kigoda. "Gonga hapo."

Ngazi akagonga. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya kitu kitupu.

"Niliishiwa matofali," akasema Baba. "Mvua inakuja, mama yenu ana mimba, sina mahali pa kukopa. Nikaziba kwa vigae na udongo. Nikapaka plasta juu, bila waya." Akapumzika. "Miaka hamsini na sita nimekaa na aibu hiyo."

Ngazi hakucheka. Alisema, "Mzee, aibu hiyo leo imetuokoa," akapanda ngazi. Drili ilipita kwa muda mfupi tu, ikatoka vumbi jekundu. Baba alifumba macho muda wote huo, na mke wake alimshika kidole gumba.

Kilichonichoma ni kwamba yeye alijua. Mimi binti yake, niliyezaliwa ndani ya kuta hizi, sikuwahi kuambiwa.

Jumatano, 19 Machi

Visahani vimekaa, vinawaka taa ya kijani. Kilichobaki kilikuwa kuvipa majina.

Ngazi alikuwa ameketi sakafuni na kompyuta yake mapajani. "Vyote vitatu tunavipa jina moja na neno la siri moja," akasema. "Mtu akitembea na simu yake, inahama yenyewe kutoka hiki kwenda kile. Hata hajui."

Nikamwambia hapana. Sebuleni na jikoni viwe na jina moja, sawa. Cha chumbani kwa Baba kiwe na jina lake na neno lake la siri, nami ndiye nitakayelishika.

"Kwa nini, mama?"

Nilimvuta barazani nikamweleza. Mke wa Baba hushinda kwenye tamthilia. Akipata njia ya kuingia kule atahamia na vipindi vyake, atakula kasi yote, na siku Baba anaongea na mwanawe picha itaganda. Miaka tisa nimeingoja siku hiyo.

"Kasi inatosha watu kumi," akasema Ngazi. "Na ukitenga majina, simu ikifika koridoni lazima iachie huku ndipo ishike kule. Maongezi yanakatika. Asiyejua neno la siri ndiyo kabisa, hapiti."

"Najua pa kusimama," nikamjibu. "Wewe weka."

Akaweka. Nililiandika neno la siri kwenye kikaratasi, nikakikariri, nikakichana. Ofisini nilifanya hivyo kila muhula.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekaa chumbani na simu tangu saa tatu na nusu. Nimemvisha Baba shati la kola. Ilipoita nikaishika mbele yake, na uso wa mdogo wangu ukatokea, mweupe kwa taa za kiwandani, kofia ya plastiki kichwani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akamkagua. "Umenenepa."

"Ni kofia, Baba."

"Huko kuna mvua?"

"Kuna baridi."

Basi wakaongea baridi na mvua. Dakika sita. Kengele ya mapumziko ikalia, akaaga. Baba akasema, "Nina neno lake. Siku nyingine nitamwambia."

"Neno gani?"

"La kwake."

Jumatatu, 24 Machi

Mke wa Baba ameniuliza, "Mwanangu, mbona simu yangu haishiki nikiwa kwa baba yako?" Nikamwambia nitamwita fundi aiangalie. Uongo umenitoka kama maji ya bomba.

Ijumaa, 28 Machi

Simu. Shikamoo, marahaba. Matofali ya huko yakoje. Baba: "Siku nyingine."

Jumatano, 2 Aprili

Radi imepiga karibu. Umeme umekatika saa tano nzima.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo mdogo wangu amesimulia tena ile hadithi yake ya kuondoka, anavyopenda kuisimulia kwa kicheko. Mkoba mgongoni, viatu mkononi, moyo unadunda, na yuko mbele ya geti lile lile ambalo siku zote likifunguliwa linaamsha mtaa. "Dada, lilifunguka kimya! Sijui ilikuwaje. Nikasema leo Mungu yuko upande wangu." Nilikuwa nimeketi karibu na Baba, simu mkononi. Baba alitazama dari. Aliuliza huko viatu vinauzwaje, basi.

Alipokata, Baba alinishika mkono. "Ijumaa," akasema. "Ijumaa nitamwambia."

Jumanne, 8 Aprili

Mke wa Baba amepata mahali pake. Ili kuongea na dada yake bila kumwacha Baba mbali, anasimama koridoni, pale kwenye kabati la shuka. Hapo ndipo kisahani cha jikoni kinapoishia. Akisogea hatua moja kuelekea kwa Baba, inakatika. Anaongea huku ameshika mlango wa kabati, jicho moja chumbani. Nimempita mara tatu na ndoo ya maji. Hakuniuliza tena kuhusu fundi.

Nilitaka kumwambia. Kisha nikasikia mlio wa tamthilia jikoni, nikabadili mawazo.

Ijumaa, 11 Aprili

Baba hakuamka vizuri. Mganga wa zahanati amesema kifua kimejaa. Simu iliita, nikamgeuzia mdogo wangu kamera amwone baba yake amelala. Naye alivua kofia.

Karatasi zake za ukazi bado ziko ofisi ya uhamiaji ya huko. Akiondoka kabla hazijatoka, hataruhusiwa kurudi huko tena.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua, na Baba amekunywa uji vijiko vitano.

Jumatano, 16 Aprili

Baba amefariki leo, saa tano kasorobo asubuhi. Sikuwepo.

Jumatatu, 21 Aprili

Watu wameanza kupungua. Nitaandika yote, kwa sababu nisipoyaandika yatanioza tumboni.

Jumatano ile dawa ya kifua iliisha. Saa tatu na nusu nilichukua mwavuli nikaenda duka la dawa. Nilikuwa na simu yangu, ambayo ndiyo pekee inayojua neno la siri la chumba cha nyuma. Barabarani, mtandao wa simu ulipoanza kushika, nilizima data, kama kawaida yangu, isile bando bure. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimkuta mfanyakazi mwenzangu wa zamani, tukasimama chini ya paa la duka tukingoja mvua ipungue. Tulicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka.

Nilipofika barazani simu ililia kwenye mkoba, mara tatu mfululizo. Ilikuwa imeshika waifai. Sikuiangalia, mkono mmoja mwavuli, mmoja dawa.

Koridoni, kwenye kabati la shuka, kulikuwa na simu imelazwa sakafuni, kioo chini. Kandambili moja hapa, nyingine mlangoni kwa Baba. Ndani, mke wa Baba alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, miguu mitupu, anahema kama mtu aliyetoka mbioni, gauni limelowa jasho. Mkono wake ulikuwa juu, umeshika mkono wa Baba. Jirani wa pili alikuwa amesimama dirishani, kanga mdomoni.

Nilimgusa Baba. Alikuwa bado na joto.

"Aliamka," mke wa Baba akasema. "Aliamka mzima kabisa, mwanangu. Akasema mpigie kijana."

"Ukampigia?"

"Nilimpigia. Ikakatika koridoni."

Na mimi, mbele ya jirani, mbele ya baba yangu ambaye hajafunikwa, nikasema: "Kutwa kucha uko kwenye simu. Siku ya leo tu ndiyo umeshindwa kumfikishia?"

Alipangusa uso kwa kiganja, akainuka kwa kushikilia kitanda, akaanza kunyoosha shuka.

Saa kumi hivi, nyumba imejaa watu, nikatoa simu ili niwajulishe ndugu. Nikaukuta ujumbe wake. Wa kwanza, saa nne na dakika tano: *Mwanangu nipe paswedi ya chumbani.* Wa pili, saa nne na dakika saba: *Baba yako anataka kuongea na mdogo wako. Haraka.* Wa tatu, saa nne na dakika tisa: *Basi usihangaike.*

Nilijifungia bafuni. Nikafungua bomba ili watu wasinisikie. Neno ambalo Baba alimwekea mwanawe limekwenda naye ardhini, na aliyeufunga mlango ni mimi. Si mvua, si kiharusi, si ukuta wake.

Jumatano, 23 Aprili

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 25 Aprili

Saa nne imefika, simu ikaita. Sikupokea. Nilimwandikia mdogo wangu kwamba sauti imekauka.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama Mdogo amefua shuka zote za Baba na hazikauki, mvua haitoi nafasi. Amezitandaza kwenye viti vya sebuleni. Tulikula kati ya shuka hizo bila kusemeshana. Alinipakulia kipande kikubwa. Ningependa anitukane.

Ijumaa, 2 Mei

Simu. Sikupokea. Ikaita ya Mama Mdogo. Akaenda kuongea kabatini, kwa mazoea, ingawa sasa anaweza kuongelea popote apendapo. Aliongea kwa sauti ya chini muda mrefu. Nilikuwa jikoni, mikono kwenye maji. Nikajua ananisema. Ana haki.

Jumanne, 6 Mei

Mvua imepungua. Ndoo moja.

Ijumaa, 9 Mei

Simu. Sikupokea.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimechoka kukimbia. Nilipokea sebuleni. Mdogo wangu amekonda, au ni kwa kuwa hakuvaa kofia. Tulitazamana. Akasema, "Dada, nipeleke chumbani kwa Baba nikaone."

"Itakatika."

"Wapi?"

"Kabatini."

"Basi nipeleke kabatini."

Nikampeleka. Nikasimama pale ambapo rangi ya mlango wa kabati imefifia kwa mkono wa Mama Mdogo. Kutoka hapo unauona mguu wa kitanda cha Baba. Nikamgeuzia kamera auone. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote bila kupumzika: majina mawili, neno la siri, alivyonionya Ngazi, nilivyomdanganya Mama Mdogo, data niliyozima, ujumbe mara tatu, na nilichomwambia mbele ya jirani. Nikamwambia, "Baba alikuwa na neno lako, nami ndiye niliyelizuia."

Alisogeza uso karibu na kioo.

"Dada," akasema, "hakukuambia?"

"Nani?"

"Mama Mdogo. Hakukuambia kwamba nililipata?"

Nilishika kabati.

Akanisimulia. Simu ya Mama Mdogo ilikatika mara mbili. Ya tatu akaiweka sakafuni, hapohapo nilipokuwa nimesimama, sauti juu kabisa, akamwambia: subiri, usikate. Kisha mdogo wangu akasikia kandambili zikikimbia. Kimya. Kandambili zikarudi. Mama Mdogo akainama kwenye simu akasema, Baba yako anasema hivi. Naye akajibu. Kandambili zikaenda. Hatua kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi. Baadaye kandambili zikanyamaza, ikawa miguu mitupu.

"Mara kumi na moja, dada. Nilihesabu. Mashine inapiga kelele nyuma yangu, msimamizi ananiita, nimeziba sikio moja. Kila akirudi pumzi imezidi kuwa fupi. Nikamwambia mama, pumzika. Akasema atapumzika maneno yakishafika. Mtu ambaye sijawahi hata kumwona uso kwa uso."

"Baba alisema nini?"

Alijifuta macho kwa mkono wa koti la kazi.

"Alisema siku ile hakuwa amelala. Alikuwa dirishani. Aliniona nimeshika viatu. Alikuwa ameijua safari yangu wiki nzima, na akaogopa akiniaga atanizuia." Akashindwa, akaanza tena. "Na jioni iliyotangulia, dada, ndiye aliyepaka bawaba za geti grisi. Ili lisinilie."

Miaka tisa mmoja anacheka bahati yake, mwingine anatazama dari.

"Nikamwambia Mama Mdogo amwambie nimesikia," akasema. "Akaenda. Hiyo ndiyo ya kumi na moja. Aliporudi akasema tu, amesikia na yeye. Kisha akailaza simu na hakurudi tena."

Jumamosi, 17 Mei

Nilimkuta Mama Mdogo akichambua mchele barazani. Nikapiga magoti, mimi na ukubwa wangu huu, goti la kulia linalonisumbua likalia.

"Mama, nisamehe."

"Inuka, mwanangu, sakafu ina maji."

"Mbona hukuniambia? Mwezi mzima."

Aliendelea kuchambua, kidole kinasukuma mawe pembeni. "Lilikuwa neno la mdogo wako. Nilikuwa nangoja akwambie mwenyewe." Kisha, baada ya muda: "Na nilikuwa na hasira. Usidhani sikuwa nayo. Nilikaa nayo jikoni, nikaiwashia tamthilia ili itulie."

Nikacheka nikilia. Yeye hakucheka, lakini alinisogezea ungo, tukachambua wote.

Jumatatu, 19 Mei

Ngazi amekuja. Nilimwambia jina moja, neno la siri moja, nyumba nzima. Hakusema "nilikwambia," Mungu ambariki. Aliuliza tu jina gani. Nikamwambia amuulize mwenye nyumba, nikamwonyesha Mama Mdogo. Naye akasema iitwe Kwa Mwashi, kama watu wanavyopaita. Neno la siri alilichagua yeye, akaliandika kwa herufi kubwa kwenye kadi, akaibandika ukutani sebuleni, ambako hata muuza maziwa ataliona. Roho ya ofisi ya mitihani ilinicheza, nikaitazama kadi ile, nikaiacha.

Ijumaa, 23 Mei

Saa nne simu iliita kwa Mama Mdogo. Aliipokea sebuleni, akatoka nayo koridoni, na mimi nyuma yake. Tulipofika kabatini wote wawili tukasimama. Miguu yenyewe iligoma. Mdogo wangu akauliza, "Imekatika?" Mama Mdogo akasema, "Bado." Akavuta pumzi, akasogeza mguu.

Hatua moja. Mbili. Sauti ikaendelea. Ya kumi na nne tulikuwa kando ya kitanda. Godoro limekunjwa, shuka zimepangwa juu yake. Kisahani darini kinawaka kijani, na kwenye kona bado kuna vumbi jekundu ambalo hakuna aliyelifuta.

"Tumefika," akasema Mama Mdogo.

Hakuna aliyekuwepo wa kupewa simu. Tuliishika hivyo hivyo, kuelekea kitandani, mpaka kengele ya kiwandani ikalia.

Jumapili, 25 Mei

Jua. Nimemwaga ndoo ya mwisho.

Alhamisi, 29 Mei

Karatasi za mdogo wangu zimetoka. Siku arobaini na tatu zimepita tangu Baba atutoke. Atafika Jumamosi ya wiki ijayo, kwa gari la alfajiri.

Jioni nilitoa kopo la grisi la Baba chini ya ngazi za baraza, nikaenda getini. Mama Mdogo akanifuata, akanishika mkono kabla sijafungua mfuniko.

"Liache," akasema. "Acha lilie. Safari hii tunataka kumsikia."